Nyeusi ya Mwanangu, Kijivu ya Mtani

Mimi nimezishika zote mbili kwa mikono yangu hii, kwa hiyo mtu asinihadithie. Ile nyeusi ilikuwa ya mwanangu. Ile ya kijivu ilikuwa ya mtani wetu, Mmatumbi aliyekuwa na duka upande wa pili wa barabara hapa Kibiti. Zilikuja mwaka mmoja, wakati wa ruksa, vitu vilivyokuwa havionekani vilipoanza kuonekana, na kila mwenye mikorosho miwili mitatu akajiona tajiri. Juzi tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni ya kipande. Mara tunaletewa sanduku la plastiki lililotoka Dubai, lina watu wadogo ndani yake wanapigana ngumi kwenye televisheni. Umeme hatuna, maji ya bomba hatuna, gemu tunazo mbili.

Kuandika nilijifunza kisomoni, nikiwa tayari nina watoto wanaotembea. Shule ya kukaa dawatini sikuiona. Basi naandika kama ninavyosema, na asiyependa aache hapa.

Vijana walikuwa wanabishana kutwa: ipi kali, nyeusi au kijivu? Walikuwa tayari kutoana meno. Nitasema nilivyoona mimi. Nyeusi ilikuwa na mbio. Mtu wake akirusha ngumi, imeshafika. Lakini sauti yake, mama yangu! Ilikwaruza kama bati linaburutwa juu ya mawe. Na rangi zake zilikuwa za kanga iliyofuliwa mwaka mzima, nyekundu imekuwa kahawia, damu yenyewe utadhani mchuzi uliolala. Ya kijivu ilikuwa na rangi za kanga mpya ambayo bado ngumu kwa wanga wa dukani, na muziki wake una kinanda ndani. Ukipita barabarani unageuza shingo bila kutaka. Ila wakijaa watu wengi kwenye picha ilianza kujikokota kama basi la Lindi kwenye matope ya masika.

Halafu pedi, yaani kile kidude cha kushika mkononi. Pedi ya nyeusi ilikuwa nene, imejikunja kama ndizi, ina batani tatu kubwa. Mkono wa mkulima ulienea pale. Ya kijivu ilikuwa nyembamba kama mfupa, batani nne za rangi rangi kama peremende, na nyingine mbili zimejificha juu mabegani ambazo mtu mzima hazijui mpaka aambiwe. Zote mbili zilikuwa na batani moja ndogo pembeni, ya kuanzia mchezo. Hiyo msiisahau.

Biashara ilikuwa kubwa. Wakati ule daraja la Ndundu halijajengwa, watu wanavuka Rufiji kwa pantoni, na pantoni ikiharibika mabasi yanalala Kibiti yamepangana. Wasafiri wamekaa, hawana la kufanya. Mwanangu anawasha jenereta, mtani naye anawasha lake, moshi unakutana katikati ya barabara, na kila mmoja anaita watu wake.

Mtani alikuwa na mdomo. Utani wetu na wao ni wa tangu babu zetu, hawezi kukupita bila kukutukana.

"Nyie mliozaliwa juu ya dungu mkifukuza ndege," anapaza sauti toka dukani kwake, "mnajua nini habari za gemu? Hiyo yenu ni redio iliyoungua!"

Mimi niko uani napeta mchele. "Na nyie mliotoka pangoni juzi, macho bado yanawauma kwa jua! Ndiyo maana mnababaikia rangi!"

"Mke wangu, sema tu unanipenda."

"Nitakupenda siku ukioga."

Watu wanacheka, mabasi yanacheka. Lakini mwanangu alikuwa hacheki. Yeye aliona watu wanavuka barabara kwenda upande wa pili.

Sasa ndani ya nyumba ile alikuwamo mjukuu wangu, binti wa mwanangu huyo. Mama yake alikwisha kuachika, yuko Utete kwa mume mwingine, na mtoto nimemlea mimi. Alikuwa darasa la saba. Baada ya mavuno ya mpunga alivunja ungo, nikamweka ndani, kama nilivyowekwa mimi na kama mama yangu alivyowekwa. Mwali kwetu hakai ndani kwa mchezo. Haonwi na mwanamume, hatoki mchana, akienda chooni anafunikwa kanga gubigubi, akisema ananong'ona. Sauti ya mwali haitakiwi kufika ukumbini. Anapakwa liwa, anafundwa, anangoja siku ambayo bibi yake atasema, "Haya, leo anatoka." Siku hiyo nasema mimi. Baba hana neno.

Mwanangu aliogopa vidole vya watoto wa watu. Televisheni aliiweka ukumbini, imeinama upande, lakini ile mashine nyeusi yenyewe aliiweka chumbani kwangu, juu ya kigoda, nyuma ya pazia, waya umepita chini. Aliyetaka kubadilishiwa kaseti alisema kwa nje, na aliyebadilisha ni sisi tuliokuwa ndani: mimi na mwali wangu. Pedi moja ilitoka chini ya pazia kwenda kwa mteja. Wakija wawili zinatoka mbili. Akija mmoja, ya pili inabaki ndani.

Nani angekaa miezi kwenye chumba chenye pedi asiiguse? Mimi mwenyewe niligusa. Yeye aligusa siku ya kwanza, siku ya pili akaelewa, na haukwisha mwezi akawa anawapiga watu mpaka huruma. Anachungulia televisheni kwenye ufa wa pazia, kimya, miguu ameikunja chini yake, vidole vinakwenda kama anachambua mchele. Dereva mmoja wa lori akapigwa mara nyingi mpaka akasimama.

"Nani huyo ndani?" akauliza.

Watoto wakamjibu, "Bibi."

Mwali hatajwi. Wao walijua chumba kile ni cha bibi, basi aliyemo ni bibi. Mimi nikakohoa kikohozi changu kikavu ili mtu asiwe na shaka. Tangu hapo sifa zikaenea hadi Ikwiriri, zikavuka mto: Kibiti kuna kikongwe hana meno mawili ya mbele anapiga gemu hakuna mfano. Watu wakawa wanashuka kwenye basi kuja kupigwa na mimi. Nikienda kisimani naamkiwa kama sheikh. Niliona raha, kwa nini nikatae? Waliokuwa wakinicheka kwamba sikusoma, sasa wajukuu zao wanakuja kunibusu mkono.

Mwali akawa ananiambia, "Bibi, leo umewapiga wangapi?"

"Mke mwenzangu, nyamaza, watakusikia."

Lakini kila asubuhi aliniuliza jambo jingine. Aliniuliza kama mikorosho imeanza kuchanua. Mwanzoni nilidhani anataka maua. Baadaye nikaelewa. Mtihani wa darasa la saba huja mikorosho ikichanua.

"Bibi, utanitoa kabla ya mtihani?"

"Tutaona."

"Mwalimu alisema mimi naweza."

"Nimesema tutaona."

Nilisema hivyo kwa sababu sikuwa na jibu, na mtu mzima hasemi hana jibu.

Wakati huohuo jenereta la mwanangu lilianza kufa. Linawaka, linapiga chafya, linazima katikati ya pambano, na wateja wanainuka. Upande wa pili kijivu inaimba kinanda chake. Hapo ndipo alipotokea mfanyabiashara wa boriti kutoka visiwani huko delta, mtu mzima, ana wake wawili na mashua yenye injini. Alituma mshenga kuja kumposa mwali kabla hajatoka. Na alisema wazi kwamba yeye atamletea mkwewe jenereta jipya. Lakini harusi iwe mara moja, siku mwali anatoka ndiyo siku anaolewa, na siku hiyo iwe karibu.

Mshenga yule akawa hakosekani ukumbini. Mzee wa kanzu safi, anakunywa chai yetu, anatazama gemu kama anatazama mahakama.

Nikamwita mwanangu uani.

"Unamuuza mwanao kwa jenereta?"

"Mama, usiseme hivyo. Naozesha. Nani hakuozwa?"

"Mtihani je?"

"Mtihani!" Akacheka. "Mama, wewe umesoma? Mimi nimesoma? Hatuli?"

"Tunakula. Lakini wewe unazimiwa na jenereta na mimi sijui kusoma karatasi ya hospitali ya Kiingereza. Usiniletee mfano wa sisi."

Mwanangu si mtu mbaya, nasema hapa mapema kabla hamjamhukumu. Alikuwa amekopesha moyo wake wote kwa ile mashine nyeusi. Alikuwa ameona kwa mara ya kwanza kitu chake kinatamaniwa na watu, na sasa kinamponyoka.

Ndipo mtani akaja na lake. Siku moja alisimama katikati ya barabara, mabasi yamejaa, akatangaza.

"Jamani, naambiwa kuna bibi bingwa! Mimi namwona anapeta mchele tu. Kama ni bingwa, avuke aje kwangu apige kijivu, macho ya watu yanaona. Asijifiche nyuma ya pazia kama mwali!"

Alisema neno lile kwa utani wake, hakujua alichokigusa. Mtani akikuita mbele ya watu hukatai. Ukikataa, utani umekushinda, na watoto wako watazomewa mpaka wazeeke.

Mwanangu akaja mbio. "Mama, sema unaumwa."

"Sina ugonjwa."

"Utapigwa! Watu watajua si wewe! Watauliza ni nani."

Nikamtazama. "Nikishinda, watu watarudi kwako wote. Au sivyo?"

"Watarudi, ndiyo."

"Basi nikishinda, huna haja ya jenereta la mtu wa boriti. Na mwanao anakwenda kwenye mtihani kwanza. Kubali."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mwendawazimu, halafu akacheka, halafu akasema, "Haya Mama, nimekubali." Alikubali kwa sababu alijua nitapigwa.

Mwali nilimweleza nikiwa nimekaa kitandani. Hakucheka. Alinipa pedi mkononi, akakaa nyuma yangu, akanishika vidole. Mimi ndiye niliyemfunda yeye jinsi ya kukaa, jinsi ya kuchutama, jinsi ya kufua kitambaa chake bila mtu kujua. Sasa yeye ananifunda mimi, tena kwa ukali kuliko nilivyomfanyia.

"Bibi, usikodoe macho kwenye pedi. Tazama mtu wako."

"Namtazama."

"Unatazama kidole! Sasa sikiliza. Batani ni tatu. Hizi ni ngumi. Ukitaka mateke, bonyeza kwanza hii ndogo ya kuanzia, zinageuka zote zinakuwa za mateke. Ukitaka ngumi tena, bonyeza tena hii ndogo. Sema."

"Ndogo, teke. Ndogo, ngumi."

"Tena."

"Wee mtoto, mimi ni bibi yako."

"Tena, bibi."

Tulifanya hivyo mpaka kidole gumba changu kikajua chenyewe. Nikilala kinabonyeza shuka. Nikipeta mchele kinabonyeza ungo. Nilifika mahali nikawa si mbaya, nasema kweli. Nilimpiga mwanangu mwenyewe, ingawa alisema jua lilikuwa machoni mwake.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa baada ya swala. Nilivaa kanga zangu mpya nikavuka barabara. Duka la mtani lilijaa mpaka watu wamepanda juu ya magunia ya chumvi. Mshenga naye alikuwapo, amepewa kiti. Mtani mwenyewe ndiye aliyecheza. Gemu ilikuwa ileile ya kupigana, maana ilikuwapo kwenye mashine zote mbili, kwa hiyo nikaona mambo si mageni. Nikashika pedi ya kijivu. Ilinipotea mkononi kama kijiko cha mtoto. Batani kila mahali.

Tukaanza. Nikampiga ngumi ya kwanza, watu wakapiga vigelegele. Mtani akainama chini kujikinga, na mimi nikajua dawa yake ni teke. Kidole changu kikafanya kilichofundishwa. Nikabonyeza ile ndogo.

Picha ikaganda. Muziki ukakatika. Watu wale wawili wamesimama hewani kama samaki waliobanikwa.

"Bibi kasimamisha!" watu wakapiga kelele.

"Anaomba maji!"

Mtani akanigeukia, jicho limejaa furaha. "Mke wangu, unataka kwenda haja? Tutakungoja."

Nikabonyeza tena, tukaendelea, akaniangusha. Nikainuka, nikataka teke, kidole kikabonyeza, picha ikaganda. Kwenye kijivu kila pigo lina batani yake yenyewe, na ile ndogo kazi yake ni moja tu, kusimamisha. Nani aliniambia? Mwali wangu hajawahi kuiona kijivu maishani mwake. Kila nilipotaka kushambulia nilisimamisha pambano mwenyewe. Watu walilia kwa kucheka. Mama mmoja alikaa chini kabisa. Mwanangu alitoka nje.

Nilipigwa. Nilipigwa vibaya.

Lakini mtani, Mungu amrehemu, alikuwa mtani wa kweli. Aliona jinsi nilivyokuwa nashika kile kidude, akaacha kucheka kabla ya wengine.

"Hapana," akasema. "Huyu kafundwa kwenye nyeusi. Mimi simpigi mtani wangu kwa viatu vya kuazima. Twende kwake, kwenye ya kwake. Ila bibi akae ukumbini, tumwone."

Umati wote ukavuka barabara. Basi moja lilipiga honi na hakuna aliyegeuka. Nikakaa kwenye mkeka ukumbini kwangu, pazia nyuma ya mgongo wangu. Pedi zote mbili zilitoka chini ya pazia. Niliuona mkono wa mwali ukizisukuma, vidole tu, halafu ukarudi. Mwanangu alivuta kamba ya jenereta mara nyingi kabla halijakubali.

Raundi ya kwanza mtani alichukua. Ya pili nilichukua mimi, kwa haki, mbele ya watu, na vijana walipiga meza. Sasa ikabaki moja. Sikuwaona tena watu. Nilikuwa namwona yule mtoto na karatasi ya mtihani, namwona mtu wa boriti na injini yake. Mtani akainama chini tena, anajikinga, na mimi napiga ngumi juu, juu, juu, zinampita. Kile kidole changu sasa kilikuwa kimeogopa. Aibu ya upande wa pili ilikuwa imeking'ata. Nilijua nibonyeze ile ndogo, na siibonyezi.

Nyuma ya pazia akapiga kelele.

"Teke, bibi! Geuza! Teke la chini!"

Kidole kikageuza, kikapiga. Mtu wa mtani akaruka, akaanguka chali. Nilishinda. Nasema tena nilishinda, kwa sababu katika ukumbi ule hakuna aliyeitazama televisheni. Wote walikuwa wanatazama pazia.

Sauti ile ilikuwa nzito na nzuri, sauti ya mtu mzima. Hata mimi sikuijua. Kwa miezi yote ile nilimsikia ananong'ona tu.

Jenereta linanguruma nje, mashine nyeusi inakwaruza wimbo wake wa ushindi, na watu wamekaa kama waliomwagiwa maji. Mtani aliweka pedi chini polepole, akavua kofia yake.

"Mimi sikio hili bovu," akasema. "Sikusikia kitu. Nani kasikia kitu?"

Alitaka kutuokoa. Lakini mshenga alikwisha kusimama, anatafuta makubazi yake.

"Sisi tumesikia," akasema. "Na tumeelewa vijana wa mabasi walikuwa wanacheza na nani."

Akatoka. Wakatoka mmoja mmoja nyuma yake, wanawake wakiwa wa mwisho, na hakuna aliyesema kwaheri.

Mwanangu alizima jenereta. Akaja akasimama mbele yangu.

"Umeniua, Mama."

"Nimeshinda. Ulikubali."

"Mwanangu kacheza na wanaume! Mabasi mazima! Nani ataoa?"

"Ulikuwa hujui?" nikamwuliza. "Waliokuja kupigwa na bibi, pesa zao ulikuwa unapokea wewe. Ulidhani kweli ni mimi? Mimi nisiyeweza kutunga uzi kwenye sindano?"

Alijua siku zote. Alijua na alikula.

Posa ikavunjika kabla ya Jumapili. Siku ya pili yake mtani alimtuma mkewe na kuku mweupe, faini ya kusikia sauti ya mwali. Ni yeye peke yake aliyetoa. Nikamchinja yule kuku, nikasema mwali aliyesikika hakai tena, anatoka. Nilimtoa bila ngoma kubwa. Wenzangu niliotoa nao wari miaka yote, baadhi hawakuja. Mmoja alituma salamu kwamba mguu unamuuma, na nilimwona jioni anakata kuni.

Nilikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, maneno nimeyapanga njia nzima, na yeye akasema tu, "Mlete, bibi. Jina lake lipo." Nikabaki na ugomvi wangu mdomoni.

Asubuhi ya mtihani alitembea kama mtu aliyetoka hospitali. Nyayo zilikuwa laini, kokoto zinamchoma. Ngozi imetakata kwa kivuli, jua linamfanya afumbe macho. Watoto wenzake walimtazama miguu, uso, kifua. Mmoja akaiga sauti, "Teke, bibi!" na kundi zima likacheka. Aliniachia kanga yangu aliyokuwa ameishika, akaingia peke yake.

Hakuchaguliwa. Majina yalipokuja, katika shule yetu nzima aliyekwenda kidato cha kwanza ni mtoto wa mwalimu na mwingine mmoja. Mwanangu alikuwa amekwisha kuhamia Ikwiriri na televisheni na ile nyeusi. Habari alizipata hukohuko, akaniletea ujumbe kwa mtu wa baiskeli: "Mwambieni Mama, ameona?" Kwa muda mrefu hatukusemeshana zaidi ya hapo. Na kijivu nayo, baada ya kubaki peke yake barabarani, watu waliichoka. Mtani alisema gemu bila mtu wa kumtukana haina ladha.

Msimu uliofuata nilikwenda na mjukuu wangu bondeni kulinda mpunga. Tulikuwa juu ya dungu, ndege wanakuja makundi makundi, tunavuta kamba za makopo. Nilidhani amenishukuru moyoni. Nilikuwa nimengoja aseme. Nilikuwa nimemvunjia posa, nimegombana na mwanangu wa kumzaa, nimechekwa Kibiti nzima kwa ajili yake.

Akasema, "Maswali ya hesabu yale ya mwisho hatukuwahi kuyasoma mimi nikiwa darasani. Waliyasoma mimi nikiwa ndani."

"Nani alijua yatatoka?"

"Wewe ulijua nimo ndani."

"Mtoto, mila ni mila."

"Kila siku nilikuuliza habari ya mikorosho, bibi. Kila siku. Ukasema tutaona. Siku ya gemu ndiyo uliona?"

Nilivuta kamba ingawa ndege walikuwa hawajatua. Mimi si mtu wa kukosa neno. Nimewajibu maimamu, nimewajibu wakusanya kodi. Siku ile nilitazama mpunga. Niliwafunda wari wengi na nawajua wote, na hakuna aliyewahi kuniambia alipoteza nini mle chumbani. Huenda hawakupoteza kitu. Huenda hawakupata mahali pa kusemea.

Aliolewa baadaye na fundi cherehani, mtu mpole, akakaa Kibiti karibu na mimi. Sikuwa na sehemu katika kumchagua. Miaka michache nyuma, binti yake mkubwa alivunja ungo. Nikamsikia mama mtu anapiga hodi mchana, nikajua kwa nini amekuja. Nilikuwa nimekwisha kutoa liwa kabatini, nimefagia chumba, nimetandika.

Hakukaa. Alisimama mlangoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ingia, nimeandaa."

"Bibi, nimekuja kukuarifu. Sikuja kukuomba."

Nilimtazama. Damu ilinipanda kichwani, maana mimi bado ni mimi, na ile mila ni ya mama yangu. Nilitaka kumwambia yeye ni nani wa kuikata. Yeye alikuwa anangoja nimwambie, nilimwona amekwisha kukaza shingo.

"Kesho anakwenda shule?" nikauliza.

"Anakwenda."

"Mpe uji mzito, basi," nikamwambia. "Siku za mwanzo tumbo huuma. Na kitambaa cha akiba aweke kwenye begi."

Akasema haya. Akaondoka bila kukaa. Mimi nikalikunja shuka.